Nilivyopiga Marufuku Nyimbo za Mwethya

Niseme mapema jambo ambalo sikuliandika katika ripoti hata moja: nilipotumwa Ukambani kuwa mmishonari nilijiona mtu mkubwa sana. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, cheti cha chuo cha Biblia cha miezi tisa, suti moja ya kijivu, na viatu vyeusi nilivyovipaka rangi kila asubuhi hata kama sikuwa na pa kwenda. Kanisa letu la Habari Njema kule Vihiga lilinifanyia ibada ya kuniaga. Akina mama walilia. Mwenyekiti wa idara ya misheni aliniwekea mikono kichwani akamsihi Mungu anilinde katika nchi ya giza, nami nikafumba macho nikiwaza jinsi giza hilo litakavyoshtuka likiniona. Nchi yenyewe ya giza ilikuwa Machakos, mwendo wa siku moja kwa basi, na mji ule una lami na taa za barabarani kuushinda mji wetu mara tatu.

Lakini sikuachwa mjini. Nilipelekwa Kavyuni, kijiji cha upande wa Kalama chenye vilima vya mawe na kanisa la mabati lililokuwa bila mchungaji kwa mwaka mzima. Aliyenipokea ni mzee wa kanisa, jina lake Onesmus, fundi wa baiskeli mwenye sauti nyembamba. Tulipokuwa tukitembea kwenda kwenye chumba changu nilimwuliza, kwa ule upole wa mtu aliyebeba nuru, kama watu wa huku wamewahi kumsikia Bwana Yesu.

Onesmus alikuna shingo. Akanionyesha makaburi nyuma ya kanisa.

"Yule wa pale mwisho ni babu yangu," akasema. "Alibatizwa kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu. Babu yako wewe alibatizwa lini, Mwinjilisti?"

Babu yangu alibatizwa mwaka niliozaliwa, tena kwa kushurutishwa na nyanya. Nikamwambia Onesmus kwamba jua la huku ni kali.

Ulikuwa mwezi wa sita mwaka wa 2000, na jua lilikuwa kali kweli. Mvua ilikuwa imekosa misimu miwili. Watu walikuwa wakila mahindi ya njano ya msaada. Mimi nimekulia mahali ambapo mvua hunyesha kila alasiri na watu huisonya. Huku nilikuta watu wanaoacha mazungumzo katikati wakiona kiwingu cha ukubwa wa kofia. Maji yalitoka mtoni, na mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Unachimba shimo kwa bakuli, unangoja maji yajikusanye, unateka kidogo kidogo, na nyuma yako kuna foleni. Kwenda na kurudi ni nusu siku.

Ndiyo maana akina mama wa Kavyuni walikuwa wameanza kuchimba silanga, bwawa la kukinga maji ya mvua, pale bondeni chini ya kanisa. Walilichimba kwa mwethya, yaani kikundi cha majirani wanaofanya kazi pamoja bila malipo, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mara nyingine kwa faida ya wote. Siku zao zilikuwa Jumanne na Alhamisi. Walikuwa watu thelathini hivi, na majembe, na sururu, na makarai ya kubebea udongo, na wilbaro moja ambayo Onesmus aliitengeneza kila wiki na kila wiki ikaharibika.

Kiongozi wao alikuwa Kalekye, mjane wa miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye mikono mizito na macho ya kucheka. Jumapili aliongoza kwaya, siku za kazi aliongoza mwethya. Nyumbani kwake alibaki na binti mmoja, Nzilani, aliyekuwa darasa la saba. Punda wao alikuwa amekufa kwa kiangazi. Siku nyingine Kalekye aliteka maji mwenyewe, lakini Jumanne na Alhamisi, mama akiwa mwethya, Nzilani alikosa shule akaenda mtoni.

Wiki yangu ya kwanza Kalekye aliniletea bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, akalifunika kwa sahani, akanieleza shida yake bila kuzunguka.

"Mwinjilisti, mwaka ujao Nzilani ataingia darasa la nane. Walimu wanasema ako na kichwa, lakini kichwa hakiwezi kusoma kikiwa mtoni. Silanga ikiisha kabla ya mvua ya mwezi wa kumi na moja, ijae, mtoto atakaa darasani mwaka mzima mpaka mtihani. Hiyo tu ndiyo uniombee."

Nikaomba. Niliomba dakika ishirini, nikapita kwa Ibrahimu na Isaka na Yakobo, na visima vyao vyote, mpaka muthokoi ukapoa. Kalekye alisema amina akaenda zake. Mimi nikala chakula baridi nikijipongeza.

Kuanzia mwisho wa mwezi wa nane, kazi ilipopamba moto, nilianza kushuka bondeni kila siku ya mwethya kuibariki. Kubariki kwenyewe kulikuwa hivi: nasimama ukingoni, suti mwilini, Biblia kwapani, mwavuli wa kukinga jua mkononi, natazama wenzangu wakichimba. Nilikuwa nimefundishwa chuoni kwamba mtumishi lazima awe karibu na watu, nami nilikuwa karibu, hatua kama kumi hivi. Waliponikuta nimesimama walinisalimu kwa heshima, wakaingia shimoni, na Kalekye akaanza kuimba.

Haki ya Mungu, sijasikia tena kuimba kwa namna ile. Kalekye anatoa mstari mmoja kwa Kikamba, wengine wanaupokea, na majembe thelathini yanashuka pamoja. Anatoa mwingine, wanacheka, majembe yanapanda yenyewe. Sikujua Kikamba ila salamu, lakini nilijua furaha ya Bwana nikiiona. Kulikuwa na wimbo mmoja walioupenda kuliko nyingine, na mimi pia niliupenda. Ukianza tu, nilifunga mwavuli, nikapiga makofi, nikatikisa mabega kidogo, na wao wakiniona hivyo wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nilidhani wamefurahi kuona mtumishi asiyejivuna.

Wiki mbili zilipita hivyo. Ilikuwa katikati ya mwezi wa tisa nilipomkuta Onesmus ukingoni ameipindua wilbaro, nikakaa karibu naye juu ya jiwe, nikamwambia anitafsirie nyimbo hizi niziandike kwenye ripoti yangu.

Onesmus alifurahi sana kupata kazi hiyo. "Sasa hapa," akasema, "Kalekye anasema Mwelu amechelewa kwa sababu alikuwa anapaka miguu mafuta. Anafikiri silanga itamposa." Mwelu, mama mnene aliyekuwa akichimba pembeni, alikuwa akicheka kuliko wote. "Hapa ananisema mimi. Anasema nikitengeneza baiskeli, mwenye baiskeli anarudi nyumbani ameibeba." Onesmus akacheka pia, machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye grisi.

Kisha ukaanza ule wimbo wangu. Nilikuwa nimeshainua mikono nipige makofi. Onesmus akakohoa, akarudi kwenye wilbaro.

"Huu je?" nikamwuliza.

"Huu ni mrefu."

"Mzee Onesmus, nieleze tu."

Akaangalia mbali. "Unasema tumeletewa mgeni kutoka nchi ya mvua. Unasema viatu vyake vinakunywa rangi kuliko watoto wetu wanavyokunywa maji. Halafu unasema analiombea jembe, na jembe linasema asante kwa maombi, lakini mpini wangu umepoa."

Nikashusha mikono. Wimbo huo nilikuwa nimeuchezea kwa wiki mbili, tena kwa madaha.

Kwetu husema kwamba mimi nina hasira za mkizi, na wanaonisema hivyo ni ndugu zangu wanaonipenda. Sikumwaga hasira pale pale. Niliipeleka chumbani, nikailisha, nikaikuza, na Jumapili nikapanda nayo mimbarini. Nilihubiri juu ya ulimi kwa saa moja na dakika kumi. Nikaeleza moto unaowashwa na ulimi, nyumba zinazobomolewa na ulimi, na adhabu inayowangoja wanaowasema watumishi wa Mungu. Kisha nikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo nyimbo za kusemana ni marufuku kwa kila mshiriki. Mwethya utachimba kwa tenzi za kanisa, na si vinginevyo.

Kanisa zima likasema amina. Ningekuwa na akili ningeiogopa amina ile, maana ilikuwa na adabu kupita kiasi. Kalekye alikuwa mstari wa mbele, anaitazama mikono yake.

Jumanne niliteremka kusimamia mwenyewe. Nilikuwa nimechagua utenzi wa beti sita. Jambo ambalo hakuna aliyewahi kunifundisha chuoni ni kwamba tenzi zetu zilitungwa kwa ajili ya watu waliokaa kitako. Mstari unaanza, majembe yanapanda. Mstari unavutwa, majembe yanangoja huko juu. Mstari unavutwa tena, mikono inatetemeka. Mpaka noti ikate, majembe yashuke, na mtu mmoja nyuma bado hajamaliza kuvuta. Walitii kabisa. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyelalamika. Waliimba sauti nne, vizuri kweli, na jioni tulipopima, shimo lilikuwa limeongezeka kiasi cha kina cha sufuria ndogo. Nikawaambia kwamba Mungu hapimi kwa kipimo cha wanadamu.

Alhamisi watu walianza kuchelewa. Zamani aliyechelewa alijua atakachokuta, jina lake liko mdomoni mwa Kalekye. Sasa aliyechelewa alikuta utenzi ubeti wa pili, akajiunga nao taratibu kama mtu anayeingia kanisani. Mimi, mtu wa mpango, nikatafuta dawa. Nikanunua daftari kubwa, nikalipiga mistari kwa rula: Jina, Saa ya Kufika, Sababu ya Kuchelewa, Sahihi. Hiyo nafasi ya Sababu ndiyo iliyonimaliza. Akina mama waliipenda. Mtu aliyekuwa akichelewa dakika tano sasa alichelewa saa nzima ili sababu yake iwe na uzito. Mwelu aliandika kwamba kuku wake alikuwa akitaga, akaona si vizuri kumharakisha. Nikaandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, "Imekubaliwa."

Wiki ya pili wakaja kumi na wawili. Wengine walituma sababu zao kwa maandishi bila wao wenyewe kufika, na mimi nikazibandika daftarini. Wakati huo huo katika ripoti ya mwezi niliandika kwamba kikundi cha akina mama kimetakaswa. Naomba radhi kwa yeyote aliyeisoma.

Alhamisi ya wiki ya tatu niliposhuka bondeni nilimkuta Kalekye peke yake.

Alikuwa anachimba bila wimbo, bila utenzi. Anachimba, anajaza karai, analibeba kichwani, anapanda ukingoni, anamwaga, anashuka. Nilisimama na daftari langu. Hakunisalimu mpaka alipomwaga karai la tatu.

"Wengine wako wapi, Mama Nzilani?"

"Mwelu ana kuku."

"Na wale wengine?"

"Wana sababu. Si umewapa mahali pa kuandika." Akaegemea jembe, akavuta pumzi. "Unajua Mwelu alikuwa anaamka mapema kwa nini? Si eti anapenda udongo. Alikuwa anaogopa nimuimbe. Na nikimuimba anacheka, yanaishia hapo, anachimba. Huyu akiwa na kinyongo na yule, tunawaimba wote wawili, wanaona haya, wanaacha. Hiyo ndiyo kazi ya wimbo. Sasa wewe umetuletea daftari."

"Lakini mlinicheka," nikasema, na sauti yangu, sitaficha, ilitoka ya mtoto aliyenyang'anywa andazi. "Mimi ni mtumishi wa Mungu, Mama Nzilani. Mlinicheka mbele yangu."

"Tulikuwa tunakuita."

"Mnaniita wapi?"

"Huku chini." Akaonyesha shimo kwa kidevu. "Mgeni hatumwimbi, Mwinjilisti. Mgeni tunampikia."

Nikalifunga daftari langu. Yeye akaendelea.

"Nzilani ako wapi saa hii, unajua?"

"Shule?"

"Ako mtoni. Ako mtoni tangu asubuhi, na mimi niko hapa nachimba pekee yangu silanga ya watu thelathini, kwa sababu viatu vyako viliona aibu. Mvua inakuja mwezi ujao. Haitangoja tuelewane."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejitetea, maana kujitetea najua. Nilitamani ardhi inimeze, na shimo lilikuwepo pale pale, ila lilikuwa na kina cha kufika kiunoni tu, kwa sababu yangu. Nikamwambia aimbe, basi, aimbe sasa hivi, mimi nimeondoa marufuku.

"Siwezi," akasema. "Ulitufunga kutoka mimbarini. Tufungulie kutoka mimbarini. Mimi sitaimba kinyume cha kanisa langu." Akainua jembe lake.

Usiku wa Jumamosi niliandika hotuba ya kufungua. Ya kwanza ilimlaumu shetani. Nilipoisoma niliona shetani ameonewa. Ya pili ilimlaumu Onesmus na tafsiri yake. Ya tatu ilikuwa fupi, na asubuhi nilipanda nayo mimbarini.

Niliwaambia kwamba wimbo ule ulisema kweli. Viatu vyangu vinakunywa rangi. Nimeliombea jembe kwa wiki nyingi na sijawahi kulishika. Nilikataza nyimbo kwa sababu ziliniuma mimi, si kwa sababu zilimuudhi Mungu, na nimewapotezea wiki tatu ambazo hawakuwa nazo. Nikasema mnisamehe. Nikaongeza, kwa kuwa sikujua nikae vipi, kwamba hata ile sehemu ya kutikisa mabega nilidhani nimeicheza vizuri.

Mwelu ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kujizuia kwa leso, ikashindikana, na baada yake wakaangua wote, hadi Onesmus, hadi watoto wasiojua kinachochekwa. Nikacheka nami. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike Kavyuni.

Jumanne nilishuka bondeni nimevaa gambuti na suruali ya kuazima ya Onesmus iliyoishia juu ya vifundo, na jembe begani. Walikuja wote, alfajiri. Kalekye hakunipa hata nafasi ya kutema mate mikononi. Aliimba kwamba mtu wa mvua amekuja na anachimba kama anayetafuta sindano aliyoiangusha, wanawake mpisheni asije akaikanyaga. Kufika saa nne nilikuwa na malengelenge mikono yote miwili, na wimbo ukaongezewa ubeti. Kufika saa sita nililala chali ukingoni nikapata ubeti mwingine. Sijawahi kuwa na furaha kubwa vile, na sisemi hivi kwa unyenyekevu, nilikuwa nimelala kwenye vumbi na watu thelathini wananiimba kwa jina.

Tuliongeza Jumamosi, kisha Jumatatu. Mpango ulikuwa kwamba Kalekye akisimama chini na kunyoosha mkono juu, vidole vyake visionekane kutoka ukingoni. Lakini mvua haikusoma mpango wetu. Ilikuja wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi, ikanyesha usiku na mchana, na hakuna mtu Ukambani anayeiambia mvua irudi kesho. Tulipoacha kuchimba, upande wa magharibi shimo lilimfika Kalekye begani. Upande wa mashariki, ule tuliokuwa tukiuchimba kwa tenzi, lilimfika kiunoni.

Silanga ilijaa kwa siku nne. Kijiji kizima kilishuka kuitazama. Niliomba, safari hii kwa dakika tatu, na watu wakanishukuru. Kalekye alikuwa amesimama mahali maji yalipokuwa yakifurika ukingoni na kuteremka bondeni, mekundu, mengi. Nilimwendea nikidhani analia kwa furaha.

"Yanaenda," akasema.

Nikamwambia Mungu ametupa mengi kuliko tulivyoomba. Ninamkumbuka alivyonitazama.

Mwaka uliofuata Nzilani aliingia darasa la nane. Hakukosa shule hata siku moja, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa ndogo lakini ilisaidia. Alikuwa wa pili darasani, na Kalekye alinionyesha ripoti ya mwalimu akiwa ameishika kwa ncha za vidole ili asiichafue. Mwezi wa nane maji yalianza kushuka kwa kasi. Mwezi wa tisa, wiki ya pili, niliitwa kuangalia, nikashuka na Kalekye mpaka chini kabisa, kwenye matope.

Silanga ilikuwa imekauka. Na upande wa mashariki, wazi kabisa, kulikuwa na kitako kirefu cha udongo mwekundu, mgumu, ambao jembe halikuufikia. Sikuhitaji kuelezwa. Ulikuwa udongo wa wiki zangu tatu, umekaa mahali pake, na maji ambayo yangekuwa hapo yaliteremka bondeni mwaka jana mbele ya macho yangu nikimwambia mwenye nayo ashukuru. Mtihani wa darasa la nane ulikuwa umebaki wiki nane. Kalekye aliugusa udongo ule kwa mguu, akasema Jumanne mwethya unaanza tena, wautoe kabla ya mvua.

Jumanne ilimaanisha Nzilani arudi mtoni.

Nikamwambia nitaenda mimi. Kalekye akadhani ninatania. Mwanamume wa Kavyuni huteka maji kwa punda, au hateki. Mimi sikuwa na punda, na njia ya mtoni baiskeli haipiti. Nilichukua mtungi wa Nzilani wa lita ishirini na mukwa wake, ule mshipi wa ngozi ambao wanawake huupitisha kwenye paji la uso na kubebea mzigo mgongoni, nikaondoka kabla ya jua. Kule mtoni wanawake waliniachia nafasi kwenye foleni kwa mshangao tu. Kuteka kulinichukua saa mbili. Kurudi, nusu ya kwanza nilidhani shingo itakatika, na nusu ya pili nikaomba ikatike.

Njia ya kutoka mtoni inapita ukingoni mwa silanga. Niliwasikia kabla sijawaona: Kalekye anatoa mstari, majembe yanashuka. Nikaibuka kwenye kona, mwinjilisti mzima, nimeinama kiuno, mukwa umeniziba nyusi, maji yamelowesha mgongo wa shati, ninatembea kama bata. Wakaniona. Wimbo ukakatika.

Nilijua kitakachofuata na nilikuwa nakitaka. Nakiri nilipunguza mwendo. Sijawahi kuwapa wimbo mtamu kama ule, ulikuwa umejitunga wenyewe, ni kuufungulia mdomo tu. Nilitaka Kalekye aniimbe mpaka bonde lijae, wacheke, nione haya, yaishe, maana yeye mwenyewe aliniambia hiyo ndiyo kazi ya wimbo. Mwelu alikuwa ameshaweka mkono mdomoni.

Kalekye aliweka jembe chini. Akapanda ukingoni, akanijia, akaushika mukwa uliokuwa umeteleza, akausukuma nyuma mpaka mahali unapopaswa kukaa, juu ya nywele. Akaukaza. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Niimbe, Mama Nzilani."

"Hii si ya kuimba, Mwinjilisti."

Akanitazama usoni, kwa karibu.

"Nzilani ako shule?"

"Ako shule."

"Sawa," akasema. "Basi nenda. Na Alhamisi uamke mapema zaidi, foleni ya Alhamisi ni mbaya."